Badiliko Lisiloandikwa Lisitoke: Mjadala wa Git Kutoka Uvira

Hoja: badiliko lolote la tabia ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo, lisitolewe kwa umma kabla halijaandikwa likamfikia atakayeguswa nalo. Wanaosema ni Msanidi, anayejenga mifumo ya maduka na maghala mjini Uvira. Mtengenezaji, anayechangia msimbo wa programu huria, ikiwemo Git. Na Mwalimu, anayefundisha kompyuta mtaa wa Mulongwe.

MSANIDI: Chukua kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu 20.04. Git inayokuja nayo ni 2.25.1. Ukiandika `git pull` wakati wewe na mwenzako kila mmoja ameshaongeza kazi yake, inaunganisha kazi hizo mbili bila kukuuliza neno. Sasa ipandishe hadi Ubuntu 22.04, upate Git 2.34.1. Amri ileile, hali ileile, lakini Git inagoma: inataka uchague kwanza namna ya kupatanisha historia mbili. Katikati hapo, kuanzia 2.27 ya Juni 2020 hadi 2.33, onyo lilikuwa likitolewa. Matoleo saba ya onyo! Sisi wa Ubuntu hatukuliona hata mara moja, kwa sababu matoleo hayo saba hayakupita kwenye mashine zetu. Tulitoka kwenye ukimya tukaingia moja kwa moja kwenye kosa. Kwa hiyo nasema: aliyebadilisha tabia ya programu hajamaliza kazi kwa sababu tu amemaliza msimbo.

MTENGENEZAJI: Ndugu yangu, umeshtaki mtu aliyeandika, umemwacha asiyeandika. Badiliko hilo liliwekwa kwenye maelezo ya toleo, likawekwa kwenye mwongozo wa `git pull`, na programu yenyewe ikasema kwa sauti kwa zaidi ya mwaka. Ulitaka nini zaidi? Uliruka matoleo, na kuruka ni uamuzi wa wanaokuandalia Ubuntu, si wangu. Tena usiniambie habari za mega kuwa ghali. Debian na Ubuntu huyaweka maelezo hayo ndani ya diski yako, chini ya `/usr/share/doc/git`. Unayasoma hata mtandao ukikatika kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu.

MSANIDI: Yapo, sikatai. Ni faili moja kwa kila toleo. Anayetoka 2.25 kwenda 2.34 ana matoleo makubwa tisa ya kusoma, bila kuhesabu yale madogo ya marekebisho. Kila faili ina orodha ndefu: hapa neno limesahihishwa kwenye mwongozo, pale jaribio limeboreshwa, pengine amri fulani sasa inakwenda haraka zaidi. Lile moja litakalosimamisha kazi yangu Jumatatu asubuhi limelala humo humo. Kilichofichwa kwenye rundo kimefichwa, hata kama rundo lenyewe liko wazi.

MWALIMU: Na niongeze la lugha. Tangu Git 1.7.9 ya mwaka 2012, ujumbe wa programu unaweza kutafsiriwa. Kifaransa kipo, hivyo mwanafunzi wangu akiiweka kompyuta yake kwa Kifaransa, makosa anasomewa kwa Kifaransa. Lakini maelezo ya matoleo ni ya Kiingereza. Kiswahili hakimo hata kwenye ujumbe wa programu. Sasa mtazame huyu kijana wa Uvira: nyumbani anasema Kiswahili na pengine Kifuliiru, darasani anafundishwa kwa Kifaransa, na habari kwamba chombo chake cha kazi kimebadilika inamjia kwa lugha ya nne. Mkisema "tuliandika", mimi nauliza mlimwandikia nani.

MTENGENEZAJI: Mwalimu, hilo ni kweli na ni zito, lakini si langu peke yangu. Kifaransa hakikushuka na mvua. Wapo watu walioketi jioni baada ya kazi zao wakatafsiri mstari kwa mstari, na kila toleo jipya wanarudi kuongeza. Wasemaji wa Kiswahili ni makumi ya mamilioni, na mlango wa kuleta tafsiri haujawahi kufungwa. Nikikubali hoja hii ilivyoandikwa, maana yake rekebisho la leo lisubiri mtafsiri ambaye bado hajajitokeza. Litasubiri mpaka lini?

MWALIMU: Sikusema lisubiri Kiswahili. Nimesema usihesabu kuandika kuwa ni kufikisha.

MTENGENEZAJI: Basi tukae hapo hapo, kwa sababu historia yetu wenyewe inakuunga mkono kuliko unavyodhani. Zamani amri za Git ziliandikwa kwa kistari: `git-commit`, `git-add`. Maelezo ya 1.5.4, Februari 2008, yalisema wazi kwamba kuanzia 1.6.0 amri hizo zitaondolewa kwenye njia ya kawaida ambako kompyuta hutafuta programu. Agosti mwaka huo 1.6.0 ikatoka. Skripti zikavunjika, watu wakapiga kelele kwamba hawakuambiwa. Waliambiwa, miezi sita kabla. Funzo nililolipata mimi ni kwamba maelezo ya matoleo husomwa na wale ambao hawayahitaji sana. Kwa nini basi mnataka nizuie badiliko kwa ajili ya karatasi isiyosomwa?

MSANIDI: Kwa sababu miaka minne baadaye mlifanya vizuri, na tukaona tofauti. Wakati ule `git push` bila maelezo ilikuwa inasukuma kwenye seva kila tawi, yaani kila mkondo wa kazi, lenye jina linalofanana pande zote mbili. Unataka kutuma marekebisho ya bei za duka, kumbe umetuma na kazi ya nusu uliyoiacha wiki iliyopita kwenye tawi jingine. Mkaamua kwamba Git 2.0 isukume tawi ulilo juu yake tu. Lakini hamkukimbilia kubadilisha. Tangu matoleo ya 1.8, ambaye hajachagua alikuwa akiambiwa kila anaposukuma: tabia hii itabadilika 2.0, ukitaka kubaki na ya zamani andika hivi, ukitaka mpya sasa hivi andika vile. Git 2.0 ilipotoka tarehe 28 Mei 2014, mshangao ulikuwa mdogo. Hayo ndiyo maandishi ninayoyadai: yenye tarehe, yenye njia ya kurudi, na yanayotokea mkono ukiwa juu ya amri yenyewe.

MTENGENEZAJI: Umechagua mfano mtamu. Chukua na mchungu. Onyo la `git pull` la mwaka 2020 lilifuata mtindo uleule. Likawa linajitokeza hata kwa mtu ambaye hana historia mbili za kupatanisha. Watu wakachoka. Wengine wakatafuta kwenye mtandao mstari wa kulinyamazisha, wakaubandika bila kujua wamechagua nini. Mwaka 2021 ikabidi lipunguzwe, liwe linatokea pale tu historia zinapoachana kweli. Onyo likizidi linamfundisha mtu kutosoma. Kila mmoja wenu anataka onyo kwa badiliko linalomhusu. Nikiwasikiliza wote, terminali itajaa maneno na hakuna atakayeona kitu.

MWALIMU: Hapo unabishana na wingi, hubishani na hoja. Onyo baya limeandikwa vibaya. Kosa la mwandishi halifuti haja ya kuandika.

MTENGENEZAJI: Sawa, Mwalimu. Lakini tusijifanye kwamba hakuna utaratibu. Anayeleta badiliko Git anatakiwa alete na marekebisho ya mwongozo wake pamoja na majaribio, na aeleze kwa nini, si nini tu. Junio Hamano, aliyekabidhiwa mradi na Linus Torvalds mwaka 2005, ana desturi ya kuongeza maelezo ya toleo kadiri kazi zinavyoingia kwenye tawi kuu. Hasubiri siku ya mwisho. Kabla ya toleo kamili hutoka matoleo ya majaribio, na yale yanayovunja mazoea hupewa sehemu yao juu kabisa ya maelezo. Mnachodai kipo.

MSANIDI: Kipo mpaka siku mlipoamua kisiwepo. Aprili 2022. Tuzungumze hiyo.

MTENGENEZAJI: Tuizungumze.

MSANIDI: Tarehe 12 Aprili 2022 ilitoka 2.35.2. Kuanzia hapo Git ilikataa kufanya kazi ndani ya folda ambayo mwenye nayo, kwa hesabu za mfumo, si wewe. Sikia jinsi sisi tunavyofanya kazi huku. Umeme wa SNEL ukikata na mega zikiisha, kazi haitumwi kwa mtandao. Inawekwa kwenye flashi au diski ya nje, mtu anapanda pikipiki, anampelekea mwenzake. Kwenye Windows, flashi iliyopangwa kwa exFAT haihifadhi jina la mwenye faili. Diski ya NTFS inalihifadhi, lakini ni jina la mtumiaji wa kompyuta ile nyingine. Kwa hiyo unachomeka flashi, unafungua hazina, yaani folda ya mradi uliouandika kwa mikono yako, unaandika `git status`, na Git inakwambia umiliki wa hazina hii una shaka. Nani alituonya? Hakuna toleo moja lililotangulia likasema neno.

MTENGENEZAJI: Na lisingeweza kusema. Tundu lenyewe lilikuwa hivi: kwenye kompyuta inayotumiwa na wengi, mtu yeyote angeweza kuunda folda ya `C:\.git` na kuijaza mipangilio yake. Wewe ukiwa mahali pasipo na hazina, Git inapanda juu kutafuta, inaikuta ile, inatii mipangilio yake, na amri alizoziweka yeye zinakimbia kwa jina lako. Kwenye orodha ya matundu ya usalama lilipewa namba CVE-2022-24765. Sasa niambie, ndugu yangu: ningeandika Januari kwamba Aprili nitafunga tundu la namna hii, nani angefaidika? Wewe mwenye flashi, au mwizi aliyekaa kwenye kompyuta ya pamoja ya shule? Kutangaza kiraka kabla ya kiraka ni kutangaza tundu.

MWALIMU: Hilo nalikubali. Kompyuta zangu darasani ni za pamoja. Mwizi huyo angeanzia kwangu.

MSANIDI: Nami nalikubali kwa siku ya kwanza. Lakini tazama yaliyofuata. Haikupita wiki, 2.35.3 ikatoka ikiwa na njia ya kusema "ziamini folda zote", kwa sababu ya kwanza ilikuwa imebana mno. Juni mwaka huohuo likaja rekebisho jingine kwa wanaotumia `sudo`, amri ya kuendesha kazi kwa mamlaka ya msimamizi, ambao nao walijikuta nje ya mlango. Laiti mtu mmoja tu kabla ya kutoa angeketi na kuandika ukurasa: nani anashiriki folda, nani anatumia diski ya nje, nani anaendesha kwa `sudo`. Kuandika kungewaonyesha wenyewe mahali msimbo ulipokosea. Hapo ndipo mnaponielewa vibaya. Sidai maandishi kama adabu kwa mtumiaji. Nayadai kama kipimo cha badiliko.

MTENGENEZAJI: Kwa siri, na watu wachache wanaojua, orodha hiyo isingekamilika. Mwenye flashi Uvira hakuwa chumbani.

MSANIDI: Hawi chumbani kamwe. Ndiyo sababu aandikiwe.

MWALIMU: Na kuna jambo lililonitatiza kuliko hilo. Ubuntu walikichukua kiraka kile wakakishonea kwenye toleo lao la zamani. Mwanafunzi alikuwa na 2.25.1 Machi, na Mei ana 2.25.1. Akiandika `git --version` anajibiwa namba ileile. Tabia ni nyingine. Mimi nimemfundisha kwamba namba ya toleo ni ahadi. Nimsomeshe ukurasa gani sasa? Maelezo ya 2.25 hayalijui badiliko hilo, na maelezo ya 2.35.2 hayamhusu, kwa sababu hana 2.35.2.

MTENGENEZAJI: Hayo muwaulize Ubuntu. Wana daftari lao la mabadiliko kwa kila kifurushi.

MWALIMU: Umeona? Kila aliyelishika badiliko ameandika kipande chake. Mtengenezaji ana daftari, mgawaji ana daftari, na anayepokea ndiye mwenye kazi ya kuunganisha.

MTENGENEZAJI: Basi Mwalimu anipe dawa. Silabusi yako mwenyewe, ile fotokopi wanayoinunua wanafunzi, umeibadilisha mara ngapi?

MWALIMU: Umenigusa, na jibu ninalo. Kwa miaka mingi silabusi za namna hiyo zimefundisha `git push origin master`. Julai 2020 Git 2.28 ikaruhusu mtu achague jina la tawi la kwanza, na kuanzia Oktoba 2020 hazina mpya za GitHub zikawa zinaanza na `main`. Mwanafunzi anafuata fotokopi neno kwa neno, anajibiwa kwamba hakuna kitu kinachoitwa `master`. Anadhani kakosea yeye. Kuchapa upya kunahitaji fedha, na fotokopi ya zamani haifi: mdogo wake ataitumia mwakani. Kwa hiyo mimi nikijua mwaka mmoja kabla, nachapa mara moja. Nikijua siku hiyohiyo, nimechelewa mwaka mzima. Chukua mfano wa ziwani: Tanzania ilipopumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wavuvi walitangaziwa kabla. Hasara ilikuwepo, malalamiko yalikuwepo, lakini mtu alijua siku ya kutoa chombo majini. Kanuni ya maji yanayotumiwa na nchi nne haianzi kwa kushtukiza.

MTENGENEZAJI: Serikali inamjua mvuvi wake. Ana leseni, ana mwalo, ana kiongozi wa kupelekewa tangazo. Mimi simjui mtumiaji wangu hata mmoja, na nimechagua kutomjua. Git haitumi habari zako kwa mtu yeyote: haihesabu amri zako, haisemi uko wapi. Mngependa niwajue ili niwatangazie? Tazama tulivyohangaika na `git whatchanged`, amri ya zamani ambayo kazi yake yote inafanywa na `git log`. Katika 2.51 ya Agosti 2025 ukiiandika inakataa mpaka uongeze `--i-still-use-this`, yaani useme bado unaitumia, na inakuomba utuandikie barua pepe. Hiyo ndiyo njia ya kumtafuta mtu usiyemjua.

MSANIDI: Na mtu huyo, mkubwa wangu, atakaa Uvira aandike barua pepe kwa Kiingereza kuitetea amri moja? Atanyamaza. Mtahesabu ukimya wake kuwa ruhusa.

MTENGENEZAJI: Nikiuhesabu ukimya kuwa katazo, sitaondoa chochote milele. Programu itajaa mabaki mpaka yeyote anayeanza leo, hata mwanafunzi wa Mwalimu, ashindwe kujifunza. Wanaokuja nao wana haki, ingawa bado hawajapiga kelele.

MWALIMU: Hilo ni jibu zuri kuliko yote uliyotoa. Sasa tulipime kwenye toleo la tatu la Git, yaani 3.0.

MTENGENEZAJI: Toleo la tatu ndilo ninalojivunia. Tangu 2024 ndani ya msimbo wa Git mna hati inayoorodhesha yatakayovunjika 3.0, na kwa kila moja sababu yake. Hazina mpya zitatengeneza alama za kutambulisha kila badiliko kwa SHA-256 badala ya SHA-1, kwa sababu Februari 2017 watafiti wa CWI ya Amsterdam na Google walitengeneza faili mbili tofauti zenye alama moja ya SHA-1. Namna ya kuhifadhi majina ya matawi itakuwa nyingine, na tawi la kwanza litaitwa `main`. Hayo yameandikwa toleo likiwa bado halijatoka. Mnataka nini kingine?

MSANIDI: Nataka hati hiyo iseme nini kitanivunjikia mimi. Nina skripti inayosoma alama ya kila badiliko na kuihifadhi kwenye safu ya herufi 40 ya hifadhidata ya duka. SHA-256 ni herufi 64. Hati inanieleza kwa nini SHA-1 imezeeka. Ningependa sentensi moja ya kuniambia: kama umeweka 40 mahali popote, kapanue.

MTENGENEZAJI: Siwezi kujua kila mahali watu walipoweka 40.

MSANIDI: Huwezi. Lakini ukiniandikia mapema kwa lugha ninayoielewa, mimi naweza. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kueleza uamuzi na kumtayarisha mtu.

MTENGENEZAJI: Nikupe na mimi deni lako. Kwa habari ya flashi, tangu 2007 ipo `git bundle`. Unaandika `git bundle create kazi.bundle --all`, historia yote inakuwa faili moja, unaipeleka kwa pikipiki, mwenzako anaandika `git clone kazi.bundle` kwenye diski yake mwenyewe. Hazina anayofanyia kazi inakuwa yake, na suala la umiliki wa folda ya kwenye flashi linaisha. Imeandikwa kwenye mwongozo miaka yote hii. Uliisoma?

MSANIDI: Wengi wetu hapana.

MTENGENEZAJI: Basi pande zote mbili tuna karatasi ambazo hazijasomwa.

MWALIMU: Ndiyo. Lakini hamuumii sawa. Asiyesoma `bundle` anapoteza nafasi. Asiyeambiwa badiliko anapoteza kazi aliyokuwa nayo jana. Nakuuliza swali la mwisho: badiliko la kupanga, lisilo na tundu la usalama nyuma yake, utakubali lisubiri maandishi ya namna anayodai kijana huyu?

MTENGENEZAJI: La kupanga, lisubiri. La tundu, hapana. Na mstari kati ya hayo mawili atauchora aliye karibu na msimbo, kwa sababu ndiye anayeliona tundu.

MSANIDI: Achore. Ila kiraka kikishatoka na siri ikishaisha, aandike kwamba aliamua bila sisi, ataje aliojua watagongwa na wale ambao hakuwafikiria. Asipoandika hilo, safari ijayo kila badiliko litapewa jina la tundu.

MTENGENEZAJI: Na nani atayasoma?

MSANIDI: Yeye wa kwanza, kabla ya kuchora mstari mwingine.